Sperrkonto ya Ujerumani: maoni yangu baada ya miezi sita ya kuishi Leipzig kwa euro 992 kwa mwezi

Habari zenu wadau, nimekuwa naulizwa sana na wadogo zangu walioko nyumbani hii akaunti ya Sperrkonto ni nzuri au ni wizi, na hiyo hela wanayotoa kila mwezi inatosha au haitoshi, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike yote hapa mara moja. Mimi ni Mtanzania, kwetu Machame, nipo Leipzig nasoma masters na niliingia tarehe 24 Septemba 2025. Kampuni niliyotumia kufungulia akaunti sitaitaja kwa sababu kiukweli zote zinafanana sana, ninachokitathmini hapa ni huduma yenyewe jinsi ilivyo na jinsi hiyo hela inavyokwenda mfukoni.

Kwa asiyejua, Ujerumani hawaridhiki na bank statement ya mjomba, ukiomba viza ya masomo wanataka waone hela ya kuishi mwaka mzima imeshawekwa kwenye akaunti iliyofungwa, hiyo ndiyo Sperrkonto. Kuanzia Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 yaani 992 mara miezi 12. Kabla ya hapo ilikuwa 11,208, na nyuma zaidi mwaka 2021 ilikuwa 10,332, kwa hiyo ukikutana na maelezo ya zamani yenye namba ndogo usiyafuate, utakwenda ubalozini na karatasi yenye hela pungufu. Hela inakaa kule, wewe huwezi kuigusa mpaka ufike, na ukishafika inatoka 992 kila mwezi, hata ukiumwa, hata ukiibiwa, huwezi kuwaambia nipeni ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Nilipotuma mwezi wa sita 2025 euro moja ilikuwa imepita shilingi 3,000, kwa hiyo tunaongelea kama milioni 36. Kwetu milioni 36 haikai kwenye droo. Mama alikopa Saccos milioni 12, mjomba akauza kiwanja chake cha Boma Ng'ombe akatoa 14, mimi nilikuwa na akiba yangu ya miaka minne ya kufundisha, tukaunganisha. Nalisema hili mapema kwa sababu bajeti nyingi ninazoziona watu wanazipanga kama vile hiyo 992 ni mshahara, wakati kwa wengi wetu ni mkopo unaodai kila mwezi, na mimi kila tarehe 20 natuma nyumbani euro 150 ya Saccos, hiyo haipo kwenye orodha yoyote ya gharama za maisha za chuo.

Sasa huduma yenyewe. Kufungua ni mtandaoni, unapakia pasi ya kusafiria, unajaza fomu, wanakupa namba ya akaunti na maelezo ya kutuma hela. Ada ya kufungua haikufika euro 100 na kuna ada ya kila mwezi ya kama euro 5. Huhitaji wakala. Narudia, huhitaji wakala, pale Dar kuna watu wanachukua laki tano, laki nane, kukujazia fomu ambayo unaijaza mwenyewe kwa nusu saa ukiwa na simu na bando. Na mtu akikwambia yeye atakukopesha hela ya Sperrkonto halafu ukifika tu Ujerumani umrudishie yote, mwulize itatokaje, maana haitoki, inatoka 992 kwa mwezi na wewe kwenye hiyo hiyo unatakiwa kula na kulipa kodi ya chumba.

Mtego wa kwanza niliukuta kwenye kutuma. Nilituma 11,904 pamoja na ada yao, nikajumlisha na euro 20 ya tahadhari, ikafika pungufu kwa sababu hela ikitoka benki ya nyumbani inapita benki nyingine katikati na kila mmoja anakata chake. Ikakosekana euro 11. Kwa ajili ya euro 11 cheti cha kuthibitisha hela hakikutolewa, nikatuma tena, na kutuma tena euro 50 gharama yake benki ilikuwa kubwa kuliko hela yenyewe, na siku tisa zikapotea wakati miadi yangu ya ubalozi imeshakaribia. Kwa hiyo ukifika dirishani mwambie mhudumu makato yote unalipa wewe unayetuma, kwenye fomu wanaandika OUR, hakikisha umeliona hilo neno kwa macho yako, na bado ongeza euro 80 hadi 100 juu. Ile ya ziada haipotei, kwangu ilirudi kwenye malipo ya kwanza.

Baada ya hapo nawapa maua yao, cheti kilikuja ndani ya siku mbili, nikaenda nacho ubalozini pale Umoja House, ada ya viza euro 75, na kuhusu hela hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Hapo ndipo Sperrkonto ina faida ya kweli. Jamaa yangu aliyekwenda na barua ya mdhamini na rundo la statement alihojiwa mpaka jasho likamtoka, mimi waliangalia karatasi moja wakaendelea na mambo mengine. Na ukinyimwa viza hela inarudi yote ukiwapelekea barua ya kukataliwa, ada ya kufungua ndiyo hairudi. Kwa usalama wa hela sina malalamiko.

Tatizo la hii kitu ni mwezi wa kwanza, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia na hakuna aliyeniambia.

Ukifika hela haifunguki yenyewe. Kampuni yangu walitaka vitu viwili, karatasi ya kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na akaunti ya kawaida ya benki ya kupokelea hela. Inasikika rahisi. Sasa angalia mzunguko ulivyo: kujiandikisha makazi unatakiwa uwe na nyumba na mwenye nyumba akusainie fomu kwamba kweli unaishi kwake. Kupata nyumba wanataka dhamana, sheria inawaruhusu kudai mpaka kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu maji na joto. Dhamana unailipa kwa hela. Hela ipo Sperrkonto. Sperrkonto haifunguki bila kujiandikisha. Unaona hapo?

Chumba changu cha hosteli kilikuwa kinaanza tarehe 15 Oktoba, mimi nimeingia tarehe 24 Septemba kwa ajili ya wiki za utangulizi, kwa hiyo wiki tatu nilipanga kachumba ka muda kwa euro 350 na yule bwana akakataa kabisa kunisainia ile fomu, alisema yeye anapangisha tu kwa muda hataki majina mengine pale. Sheria inasema ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu uhamie, nikawa nalala na wasiwasi kana kwamba polisi wananitafuta. Nikahamia hosteli, nikasainiwa, miadi ya ofisi ya manispaa ikapatikana tarehe 28. Baada ya hapo benki. Nikajaribu benki moja ya kwenye apu, kila mtu anaisifia, nikafika kwenye hatua ya kuhakikiwa kwa video wakasema pasi yangu haikubaliki kwenye huo mfumo. Nikaenda benki yenye tawi, dada mmoja mtu mzima akanifungulia kwa upole sana, lakini karatasi za posta zikachukua siku zake. Hela ya kwanza iliingia tarehe 13 Novemba.

Tangu 24 Septemba mpaka 13 Novemba ni siku 50. Siku 50 nina milioni zaidi ya thelathini kwa jina langu na siwezi kununua mkate nazo. Nilitembea na euro 1,350 taslimu, na niliona nimebeba nyingi. Chumba cha muda 350, dhamana ya hosteli 500, nusu ya kodi ya Oktoba 149, kodi ya Novemba 298, shuka, sufuria, sahani na mto kama 60, koti la mtumba 45, chakula cha wiki saba kwa kujibana 250. Jumlisha, ni 1,652. Ile 300 iliyopungua nilikopeshwa na Mkenya mmoja ninayeishi naye korido moja, hakuniandikisha popote, alisema tu "utanipa zikifunguka, hata mimi nilikopeshwa nilipofika". Bili ya bima ya Oktoba ikawa inasubiri mezani.

Kwa hiyo nyota naiondoa hapo. Wanapotangaza huduma wanaandika kana kwamba ukishaweka 11,904 umemaliza. Hujamaliza. Unahitaji mfuko wa pili wa euro 1,800 hadi 2,000 wa kuanzia, nje kabisa ya ile ya Sperrkonto, na nje ya tiketi ya ndege. Kubeba taslimu mwilini inaruhusiwa, wanataka utoe taarifa ikifika euro 10,000, ila mimi nakushauri sehemu uiweke kwenye kadi ya benki ya nyumbani inayotoa hela nje, uijaribu kabla hujapanda ndege. Kama ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma ningechelewesha safari nifike siku hiyo hiyo chumba kinapoanza, zile wiki tatu za chumba cha muda ndizo zilizonimaliza. Na ule mwezi wa Oktoba ambao sikulipwa, kwangu haukupotea, unasogea mwishoni, ila tumbo la Oktoba halili hela ya mwakani.

Haya, sasa hela imefunguka, je 992 inatosha?

Leipzig inatosha. Naongea kwa Leipzig, sisemi Munich, kule kuna mwenzetu analipia chumba peke yake zaidi ya 700 na huwa namsikia kwenye simu sauti imekwisha. Kabla hujachagua chuo angalia mji, watu wanaangalia jina la chuo tu. Na angalia jimbo, maana vyuo vingi vya serikali havichukui ada ya masomo lakini Baden-Württemberg wasiotoka Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa semesta tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich (TU) wameanza kuchaji kuanzia semesta ya baridi ya 2024/25, kati ya 2,000 na 6,000 kwa semesta. Kozi yangu haina ada, nalipa mchango wa semesta tu, mia tatu na kitu, na ndani yake ipo tiketi ya usafiri ya nchi nzima kwa treni za kawaida na tramu na mabasi. Hiyo tiketi ilikuwa 34.80 kwa mwezi wakati watu wengine walikuwa wanalipa 58, na kuanzia Januari 2026 wao wanalipa 63, kwa hiyo na ya kwetu inapanda maana inahesabiwa asilimia 60 ya bei yao. Bado naipenda. Jumamosi moja nilikwenda Dresden na kurudi bila kutoa hata senti.

Chumba changu kiko upande wa Straße des 18. Oktober, kuna hosteli nyingi pale, karibu na maktaba kubwa ya taifa, tunaishi watu watatu tunachangia jiko na bafu. Kodi 298 na ndani yake kuna joto, maji, umeme na intaneti. Bei ya namna hiyo wanaiita warm, zingatieni hilo neno, Wajerumani wana bei mbili, ya baridi na ya moto, ukiona chumba cha bei ya kushangaza uliza kama ni warm, kuna binti alipanga nje ya hosteli kwa 260 akafurahi, kumbe ni baridi, umeme na joto vikaja juu yake. Omba hosteli siku hiyo hiyo unayopata barua ya chuo, usisubiri viza, foleni ni ndefu.

Bima ya afya ni euro 140 na kitu kwa mwezi kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30, na ni lazima. Hiyo iliniuma mwanzoni maana nilizoea bima ya nyumbani, lakini Desemba niliumwa jino, nikaenda, wakang'oa, wakanipa na dawa, nikarudi nyumbani nikiwa sijalipa kitu zaidi ya euro 5 za duka la dawa. Sijalalamika tena. Mkiwa mmeshapita 30 hesabu zenu ni tofauti kabisa, ile bei ya mwanafunzi hamtaipata, ulizeni hilo kabla ya yote. Na kampuni za Sperrkonto zinauza kifurushi, akaunti pamoja na bima ya safari pamoja na bima ya afya. Mimi nilichukua kifurushi na hakina ubaya, kilinipunguzia mizunguko, ila bima ya afya ya umma ni uhuru wako kujichagulia, usidhani umefungwa na waliyokupendekezea wao.

Chakula natumia kama 190. Najua wapo wanaosema 120, nimejaribu Januari, nikawa nakula makaroni na mayai mpaka darasani nikawa naona giza, nikaacha. Maduka ya bei nafuu ni Aldi, Lidl, Penny na Netto, mchele, viazi, kabichi, karoti, vitunguu, maharage makavu, maziwa, mayai, hivyo havikusumbui. Nyama ya kuku nanunua miguu. Unga wa sembe unapatikana maduka ya Waafrika kule Eisenbahnstraße, na ndiko kuna maduka ya Waarabu na Waturuki yenye viungo na mboga kwa bei ya kibinadamu, lakini kilo ya sembe nimelipa 3 na ushee, ni bei ya kuila Jumapili. Siku za kawaida nasonga ugali wa ule unga wa mahindi ya njano wanaouita polenta, ukiuchanganya na ngano kidogo unashika vizuri, rangi yake ndiyo utazoea. Dagaa leteni kutoka nyumbani, samaki mkavu wa kula mwenyewe anaruhusiwa mpaka kilo 20, nyama na maziwa ndiyo marufuku, msije mkanyang'anywa uwanjani ile nyama kavu aliyowapikia mama kwa mapenzi yote. Na Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, Jumapili yangu ya kwanza nilishinda na biskuti za ndege.

Mchana nakula kantini ya chuo, Mensa am Park, pale katikati ya mji, kwa kadi ya mwanafunzi sahani ya kueleweka ni euro 3 hadi 4 na kitu na unatoka umeshiba. Kwa mtu aliye peke yake nasema ile kantini inalipa kuliko kupika mchana, unaokoa muda, na unakutana na watu. Kuna Wajerumani pale wanasoma Kiswahili chuoni, siku ya kwanza nimesikia "shikamoo" kwenye foleni ya chakula nilitaka kulia. Halafu sisi Walutheri wa Kilimanjaro tuna jambo letu na huu mji, wamisionari waliofika Machame 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, nimelisikia hilo jina kanisani tangu nikiwa mtoto na bado jumuiya yao ipo hapa hapa mjini, basi mama anapouliza "uko wapi huko" namwambia niko kule walikotoka wale, naye anatulia.

Vitu vidogo vinavyokula hela bila kukuaga. Barua ya kodi ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi, inakuja ukishajiandikisha makazi hata kama huna televisheni. Wengi tunaitupa tukidhani ni matapeli, usitupe, deni linakua. Ni kwa nyumba na si kwa mtu, sisi watatu analipa mmoja tunagawana, inakuwa kama 6 kila mtu. Kadi ya ukaazi euro 100. Simu 10. Kufua kwa mashine hosteli ni sarafu sarafu mwezi mzima. Kwa upande mwingine kuna vinavyorudisha, chupa za plastiki na makopo unarudisha dukani unapata senti 25 kila moja, nne ni euro nzima, usiache chupa chumbani kwa mtu. Mbele ya nyumba watu wanaacha maboksi yameandikwa zu verschenken, yaani chukua bure, taa yangu ya mezani, sufuria la pili na kiti vyote vimetoka huko.

Kwa hiyo mwezi wangu wa kawaida unakwenda hivi, kodi 298, bima 145, chakula 190, simu 10, redio 6, natenga 55 ya mchango wa semesta ijayo ili isinishtue, Saccos 150. Hapo ni 854. Inabaki 138 ya viatu, kunyoa, dawa, kuprinti, harusi za nyumbani za kuchangia, na dharura. Bila ile ya Saccos ningekuwa naishi kwa raha kabisa, sidanganyi. Pamoja nayo naishi kwa kuhesabu lakini sijalala njaa tangu Novemba 13.

Kuhusu kazi, msipange kwamba kazi italipia mwezi wa kwanza wala wa pili. Tunaruhusiwa siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka, sheria ilipanuliwa Machi 2024, awali zilikuwa 120 na 240. Mshahara wa chini ulikuwa 12.82 kwa saa, kuanzia Januari 2026 ni 13.90. Mimi nilipata jikoni kwenye hoteli mwezi Januari baada ya kuomba sehemu zaidi ya ishirini, Kijerumani changu cha kusuasua ndicho kilichonichelewesha, kila walipouliza kitu nilikuwa najibu kwa Kiingereza wanafunga faili. Saa kumi kwa wiki inakupa kama 600 kwa mwezi, na ukiwa chini ya 603 ni ile kazi ndogo, minijob, makato ni kidogo sana. Wengine wanafanya usiku ghala za vifurushi kule uwanja wa ndege, hela ni nzuri lakini nimeshaona mtu anasinzia kwenye mtihani. Jifunzeni Kijerumani nyumbani kabla ya kuja, hata cha miezi sita, hicho kinaongeza kipato kuliko kubana chakula.

Na hiyo hela ya jikoni siigusi, kwa sababu kuna jambo jingine hawalisemi kwa sauti. Sperrkonto ni ya mwaka mmoja, kozi ni miaka miwili. Kibali kikikaribia kuisha unaonyesha tena kwamba una uwezo wa kuishi, ama kwa akaunti nyingine iliyojaa, ama mkataba wa kazi, ama skolashipu. Nyumbani kiwanja kilishauzwa, hakuna kingine. Wenye skolashipu ya DAAD ya Ujerumani wamesalimika, wao hawahitaji Sperrkonto na wanapewa hiyo hiyo 992, kwa hiyo ombeni hata kama mnaona hamtapata. Mimi kila tarehe mshahara ukiingia nahamisha 550 kwenye akaunti ya akiba siku hiyo hiyo, kabla sijanunua hata chumvi.

Nyota zangu: usalama wa hela na cheti cha viza tano kati ya tano. Huduma kwa wateja nne, wanajibu barua pepe ndani ya siku moja au mbili ila simu hazipokelewi. Kufunguliwa hela ukishafika mbili, na hizo mbili nimewapa kwa sababu mara zilipofunguka hazijawahi kuchelewa hata siku moja, tarehe moja ya kila mwezi zipo. Kwa jumla naipa tatu na nusu na ningeitumia tena, ila nikiwa na ule mfuko wa pili.

Mkenya wangu nilimrudishia 300 yake tarehe 14 Novemba asubuhi. Mwezi huu wa tatu kuna kijana wa Mbeya anaingia hosteli yetu, hela yake bado haijafunguka, tumeshamwekea mchele na unga chumbani na mimi na yule Mkenya tumetenga 150 kila mmoja tunamsubiri.